Upepo wa Barabara ya Asela

Ukitaka kumjua mtu wa kwetu, mpandishe gari kisha ufungue dirisha. Matusi atayavumilia, upepo kamwe. Ndiyo maana Gashe Demise, dereva wa ofisi yetu ya mifugo, aliing'oa mipini yote ya vioo, akabakiza wake tu.

Siku hiyo tulikuwa tunapeleka Asela mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, ile baridi kali tunayohifadhia mbegu za madume ya ng'ombe. Kwa sababu ya mvua, tukauweka ndani, kiti cha nyuma, kati yangu na Emama Yeshi, mama mkwe wa dereva, aliyejitanda gabi, shuka zito la pamba, hadi puani.

Njiani nikaona mtungi umeota barafu kiunoni. Mtungi usio na ufa hauoti barafu nje. Huu ulikuwa umepasuka kwa ndani, na naitrojeni ilikuwa inachemka, ikitunyang'anya hewa.

"Gashe, fungua dirisha! Mtungi unavuja!"

"Mbona sisikii harufu?"

"Haina harufu! Tutakufa kimya kimya hapa!"

Emama akacheka. "Binti, mume wangu alipigwa na upepo wa dirishani, hakumaliza wiki. Demise, fungua tu uone kama mimi bado ni mkweo."

"Umesikia, Tsige," akasema dereva. "Ugomvi na mkwe siuwezi. Asela si mbali."

Nilikasirika hadi machozi. Mlango wangu ulikuwa unafunguliwa kwa nje tu. Nikajipenyeza niufikie mpini wa dereva, nikaegemea mtungi kwa mkono mtupu, kiganja kikanasa. Nilipokivuta, ngozi ilibaki kwenye barafu. Nikapiga yowe, lakini hakuna aliyegeuka. Demise alikuwa anasinzia kwenye usukani, na kichwa cha Emama kilikuwa kimeniangukia begani.

Gari likaingia mtaroni. Kikapuni mwa Emama mlikuwa na mchi wa chuma wa kutwangia kahawa. Nikavunjia kioo. Hewa ikaingia pamoja na mvua, Demise akakohoa, akazinduka. Emama hakuzinduka.

Kwenye hema la msiba nilikaa na bendeji yangu, wanawake wakinikodolea macho.

"Ndiye huyo," mmoja akanong'ona. "Alivunja dirisha, upepo ukamwingia mama wa watu."

Nikamtazama Demise aseme neno. Akainamisha kichwa. Nilitamani nimtwange kwa ule mchi.

Kisha mtu akainuka, akateremsha turubai pande zote ili upepo usiingie, nasi tukabaki humo ndani.