Jina la Mama Njiru

"Mama Kiende, hivi mama mkwe wako aliitwa nani, jina lake lenyewe?"

Gladys alimuuliza jirani yake Susan hivyo siku moja wakichambua maharagwe. Susan hakuona ubaya. Marehemu mama mkwe wake alijulikana Runyenjes nzima kama Mama Njiru, kwa jina la mwanawe, mumewe Susan, na wengi waliojua jina lake walikuwa wameshazikwa.

"Ciarunji," alijibu, wakaendelea na maharagwe.

Wiki hiyo hiyo ukurasa wa mtandaoni wa Kiende, binti yake, anamowekea nyimbo za vijana wa kanisa, ulimfungia nje. Nenosiri likakataa. Kesho yake yakatoka humo matusi ya kumtukana mke wa kasisi, kando ya picha ya Kiende amevaa sare ya kwaya. Wazee wa kanisa wakaketi. Askofu akija Jumapili kutoa kipaimara, walisema, Kiende asipige magoti na wenzake mpaka aliyeandika ajulikane. Kiende aliapa si yeye. Susan alimwamini, lakini wazee hawakuwa wameuliza mama anaamini nini.

Jumamosi kasisi akamleta Njuki, kijana wa kompyuta kutoka mjini Embu, awafundishe vijana kujilinda mtandaoni. Susan na Gladys walikuwa zamu ya chai. Susan aliishia darasa la saba, ila alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri.

"Ukisahau nenosiri unaulizwa swali la siri," Njuki alisema. "Wangapi mlichagua jina la nyanya mzaa baba?"

Karibu mikono yote ikainuka, wa Kiende pia.

"Wewe dada, unaitwa nani?"

"Igoki."

"Wa kwanza kuzaliwa?"

"Eeh."

"Basi kwa desturi yetu umerithi jina la nyanya mzaa baba; shosho yako ni Igoki. Nimeshaingia."

Wakacheka. Kijana mmoja, Mutugi, alicheka kupita wote.

"Na wewe, dada yako mkubwa anaitwa nani?" Njuki akamuuliza.

Mutugi akafunga mdomo.

"Siri gani hiyo, mama anaiita kwa sauti kila jioni? Andikeni jibu la uongo, mradi mlikumbuke."

"Si ni dhambi?" Mutugi akauliza.

"Unadanganya mashine tu. Lakini muulize kasisi, yuko hapo mlangoni."

Susan hakucheka. Kiende alikuwa kifungua mimba, lakini hakupewa jina la mama wa baba yake. Alizaliwa wiki ambayo mama yake Susan alifariki kule Laare, na Mama Njiru mwenyewe ndiye aliyesema mtoto aitwe Kiende, jina la marehemu. Mtu wa kubahatisha angeandika Kiende, akataliwe. Ingembidi aulize.

Akamtazama Gladys akimimina chai. Huyu ndiye aliyelala naye chini sakafuni wiki nzima Njiru alipofariki, tena hajui kusoma, hata ujumbe wa simu husomewa. Susan akamwomba Mungu amchungie ulimi, kisha akamsogelea.

"Mama Ednah, lile jina la mama mkwe wangu, ulikuwa unalitafutia nini?"

"Mimi?" Gladys hajawahi kujua kunong'ona. "Ni Ednah alilitaka. Ati kazi ya shule, majina ya zamani."

Vijana wakageuka. Ednah alikuwa ameketi bega kwa bega na Kiende. Hata baada ya Pasaka, Kiende alipopewa kuongoza kwaya mahali pa Ednah, walikuwa bado wanashiriki kitabu kimoja cha nyimbo.

Chai ikafurika kikombeni, Gladys asiione.

"Ednah, mwanangu," Susan alisema polepole. "Askofu ni kesho."

Ednah akainamisha kichwa. Halafu akatoa simu, akabonyeza mara kadhaa, akaiweka mapajani mwa Kiende, ukurasa wake ule uliotekwa ukiwa wazi. Akapita katikati ya mabenchi. Kasisi akampisha mlangoni, naye akatoka.