Kila Mtu na Gari Lake

Kaka yangu Geraint ndiye aliyeniambia kwamba kuendesha gari kwenye uwanja wa mbio ni mchezo wa bei rahisi. Nataka hilo lieleweke kabla ya mengine yote, kwa sababu siku hizi anawatangazia watu kwamba nilijitosa mwenyewe. Alilisema mezani kwa mama, Jumapili mchana, mdomo umejaa viazi.

"Unalipa pauni mia na themanini na tisa, basi. Unazunguka siku nzima mpaka kichwa kikuume. Gari lolote linafaa, Nesta. Hata hicho kimkebe chako."

Kimkebe chenyewe kilikuwa Mazda ya viti viwili, nyekundu iliyopauka, ambayo niliinunua kwa pauni elfu mbili mwaka nilioachana na mume wangu. Ndilo gari pekee nililokuwa nalo. Kazi yangu ni kuendesha basi la shule. Miaka kumi na tisa nimewapandisha na kuwashusha watoto wa mashamba ya juu ya Llanidloes, huku Wales, maili ishirini kwa saa, mbele yangu trekta, mbele ya trekta kondoo. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita na sikuwahi hata siku moja kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Geraint alipotaja uwanja nilijifanya nacheka, lakini usiku ule sikupata usingizi kwa hamu.

Nikalipa ile mia na themanini na tisa. Kisha nikaambiwa lazima niwe na helmeti, na si ya pikipiki ya zamani aliyoniachia mume, ila yenye alama mpya ya usalama. Mia na sitini. Fundi wangu akayatazama matairi akatikisa kichwa, akasema haya yatanyofoka vipande kabla ya saa nne asubuhi. Mia tatu na ishirini. Siku ya kwanza, mwezi wa Machi, nilipofika mzunguko wa sita pedali ya breki ikazama mpaka sakafuni kama imewekwa juu ya mkate laini. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka. Nikaimalizia siku yangu nimekaa kwenye kiti cha kukunja, ninakula sandwichi, ninawatazama wengine.

"Ulijua kwamba mafuta ya kawaida huchemka?" nilimuuliza Geraint.

"Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua."

"Sasa umejua. Karo hiyo, mdogo wangu, lazima ulipe."

Nilikasirika, lakini hasira ya siku ile ilikuwa ndogo, maana ile mizunguko mitano ya mwanzo ilikuwa imenikamata. Nikabadilisha mafuta ya breki, nikanunua pedi za breki za kazi ngumu, nikaandikisha siku ya pili, mwezi wa Mei.

Nilipokuwa naandikisha ndipo nilipoona mahali pa bima. Bima yangu ya barabarani haigusi uwanja. Ukiingia langoni tu, iko kama haipo. Ile ya uwanjani ya siku moja ilikuwa pauni mia na ishirini. Nikampigia simu Geraint.

"Wewe, usitupe hela," alisema. "Ile ni bima ya waoga. Watakukata hiki na kile mpaka usibaki na kitu. Mimi nina miaka sita pale, sijaikata hata mara moja."

"Hata mara moja?"

"Nesta! Nimekudanganya lini?"

Sikuikata.

Uwanja wenyewe uko kando ya bahari, kaskazini, na siku ile upepo wa Ireland ulikuwa unapiga kiasi kwamba milango ya magari ilihitaji mikono miwili. Asubuhi nilikodi mwalimu kwa dakika ishirini, mzee mmoja mwembamba aitwaye Selwyn ambaye zamani alikuwa mshindani. Alikaa kando yangu amekunja mikono. Tulipokuwa tunarudi aliniuliza, "Nani alikufundisha kuendesha?"

"Watoto hamsini na barafu."

Akacheka. "Inaonekana. Humtikisi mtu. Wenzako wanapigana na gari, wewe unaliongoza. Breki tu, mama: kanyaga mapema, kanyaga kwa nguvu, halafu achia taratibu. Nenda."

Nilienda. Sitaeleza sana, kwa sababu mtu akieleza raha ya namna ile huonekana mjinga. Nitasema tu kwamba mchana nilikuwa nazifahamu zile kona za kushuka kuelekea baharini kama ninavyofahamu vituo vyangu vya basi, na watu wenye magari ya mara kumi ya bei ya langu walinipita kwenye nyoofu, pale pasipo na kona, halafu nikawakuta tena chini kwenye kona.

Geraint ana Porsche nyeupe ya pauni elfu arobaini. Saa tisa kasoro alinitokea kwenye kioo. Sheria pale ni moja, na huwa wanaisoma asubuhi mbele ya kila mtu: unapita kwenye nyoofu tu, na baada ya aliye mbele kukuashiria. Tulikuwa tumeshaingia kwenye kona. Nikaendelea. Kona ya tatu, nikamwacha kidogo. Ya nne, nikamwacha tena. Nilikuwa natabasamu ndani ya helmeti, nakiri. Nikapanga kumpisha tukifika kwenye nyoofu, sekunde kumi tu mbele.

Kwenye kona ya tano alijipenyeza upande wangu wa ndani. Niliona weupe upande wa kulia pasipotakiwa kuwa na kitu, kisha nikasikia kishindo, na gari likageuka. Nikaiona bahari, nikaona nyasi, nikaiona bahari tena, kisha ukuta wa matairi ukaja. Mkanda ulinibana begani mpaka pumzi ikatoka. Baadaye kukawa kimya, na ile harufu tamu ya maji ya radieta.

Bendera nyekundu zikapeperushwa uwanja mzima. Watu wa usalama walinitoa, wakanimulika macho, wakanihesabisha vidole. Nilikuwa mzima. Kimkebe changu kilikuwa kimekunjika mbele mpaka injini imerudi nyuma, na gurudumu moja limelala ubavu kama mguu uliovunjika.

Geraint alikuwa amesimama kwenye maegesho, anapapasa bampa lake lililopasuka. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa: "Mbona ulinifungia mlango, ukaniziba njia?"

"Mlango gani? Kuna mlango gani pale? Pale hakuna anayepita!"

"Nilikuwa na kasi zaidi. Ungeniona ungetoa nafasi."

"Ulikuwa na kasi zaidi wapi? Kona mbili nakuacha nyuma!"

"Punguza sauti, watu wanatutazama."

"Watazame! Nimegonga ukuta wa matairi, nimenusa radieta, halafu nipunguze sauti?"

Msimamizi wa siku ile alikuja, mwanamke mpole mwenye koti la mvua na karatasi zake kwenye ubao. Alimwambia Geraint kwamba wameona yote kwenye kamera na kwamba siku yake imekwisha. Hatarudi uwanjani leo, na akirudia hatarudi kabisa. Kisha akanigeukia mimi, akaonyesha kwa kidole mstari niliotia saini asubuhi. Kule kila mtu hubeba hasara ya gari lake, awe mkosaji au mkosewa. Alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Alipokuwa anaondoka akasema, wala hakukusudia ubaya, "Geraint, watu wako wa bima watataka picha. Nikuandikie barua kama ile ya Machi?"

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya upepo.

"Bima gani?" nikasema.

Kaka yangu alitazama bampa.

"Geraint. Bima gani?"

"Ngoja nikueleze."

"Umekata bima."

"Gari langu ni la elfu arobaini, Nesta! Lako ni la elfu mbili. Hesabu yake ni tofauti. Hata hivyo bima yangu isingelipa lako, kwa hiyo hakuna kilichobadi—"

"Sijakuuliza inalipa nini! Ungeniambia, mimi naikata kwa sababu gari langu ni ghali, wewe jipime. Ningekuelewa. Uliniambia ni ya waoga. Uliniambia miaka sita hujaigusa. Nilikuuliza mara mbili!"

"Ningekuambia gharama zote usingekuja."

"Basi nisingekuja! Ningekuwa nyumbani, na gari langu liko mlangoni!"

Akaniambia, kwa ile sauti yake ya kaka mkubwa, kwamba nimepatwa na mshtuko na ninywe chai yenye sukari. Kilikuwepo kikombe cha chai karibu, cha mtu mwingine. Nilikimwaga chote juu ya kiti cha ngozi nyeupe cha gari lake. Sijutii hata tone.

Kulisafirisha gari kwa tela mpaka nyumbani ilikuwa pauni mia mbili na arobaini. Jumatatu nilitoa baiskeli ghalani. Kutoka kwangu mpaka kituo cha mabasi ni maili tano, mbili za kupanda, na watoto hawasubiri mvua iishe. Bega lilikuwa jeusi kuanzia shingoni. Kila nilipokanyaga pedali nilikuwa namtukana Geraint, kwa Kiwelsh na kwa Kiingereza, na matusi ya Kiwelsh yalinitosha mpaka juu ya mlima.

Jumapili ya pili nilienda kwa mama. Geraint alikuwepo na mkewe, na kabla nyama haijakatwa alikuwa ameshaanza kuigeuza kuwa kichekesho.

"Mama, ungemwona. Kafunga breki katikati ya kona kama ameona kondoo! Mazoea ya basi hayo. Nilidhani atafungua mlango ashushe watoto."

Mkewe alicheka. Nikasimama. Nilieleza yote pale, kona, kamera, barua ya Machi, simu niliyompigia na alivyonijibu. Nilimwita mwongo na nilimwita mwoga, na sauti yangu ilikuwa inagonga vyombo kabatini.

Mama, ambaye ana miaka sabini na nane, aliweka kisu chini. "Mezani hapana, Nesta."

Hakumwambia Geraint neno. Mimi ndiye niliyeambiwa. Nikachukua baiskeli yangu nikaondoka bila kula, na nadhani siku ile nilimkasirikia mama kuliko Geraint.

Juni ilikuwa ya mvua. Asubuhi moja nilikuwa nimeshuka, nasukuma baiskeli kwenye mwinuko, Porsche ikasimama kando yangu. Bampa jipya, linang'aa. Kioo kikashuka.

"Ingia, Nesta. Umelowa."

"Nenda."

"Usiwe mtoto."

"Nimekwambia nenda. Nina basi linanisubiri."

Alinifuata polepole, gari linanguruma kwa gia ya kwanza, mimi nasukuma, magari mengine yanapiga honi nyuma yake. Labda zile honi ndizo zilizomfanya aseme haraka. "Ulikuwa unaniacha," alisema. "Sawa? Ulikuwa na siku mbili tu uwanjani, na kimkebe cha elfu mbili, na ulikuwa unaniacha. Na wale jamaa zangu wa uwanjani walikuwa wamesimama pale juu wanaangalia."

Nikasimama. Maji yalikuwa yanatiririka shingoni.

"Kwa hiyo ulinigonga kwa sababu ya jamaa zako."

"Sikukusudia kukugonga. Nilitaka kupita tu."

"Mwambie mama hivyo hivyo ulivyoniambia."

"Nesta…"

"Mama alininyamazisha mbele ya mkeo. Mwambie."

Alipandisha kioo akaenda zake.

Lakini alimwambia. Sijui ilikuwaje, nadhani mkewe alimsukuma. Baada ya wiki moja mama alinipigia simu. Hakuomba msamaha, hajawahi kumwomba mtu. Alisema, "Geraint anasema ulikuwa unamwacha kwenye kona."

"Ndiyo, mama."

"Kwa gari lile bovu?"

"Kwa lile lile."

Halafu nikasikia anacheka, kile kicheko chake kifupi cha puani. "Jumapili kuna kondoo," akasema. "Njoo mapema, yeye nimemwambia asije."

Nilikwenda, nikala chakula cha watu wawili.

Geraint alituma pauni elfu moja. Nilizipokea, kwa sababu mlima ni mrefu na baiskeli haina kiburi. Nikamwandikia kwamba hiyo ni nusu ya gari, bila kuhesabu tela. Nusu ya pili haijaja mpaka leo. Injini ya kimkebe ilikuwa na afya ingawa ilisukumwa nyuma. Fundi mmoja wa mji wa Wrexham aliichukua pamoja na gia kwa mia saba. Nikaongeza akiba, nikanunua Mazda nyingine, ya buluu, yenye kutu chini ya milango.

Oktoba nilirudi uwanjani. Safari hii nilikata bima, na nilisoma kila mstari mpaka macho yakauma. Nilipofika kwenye maegesho Porsche nyeupe ilikuwepo. Geraint alikuja ameshika helmeti kwapani, anatabasamu nusu.

"Tuko kundi moja la kuzunguka, naona. Tumalize haya mambo, dada yangu. Nitakaa nyuma yako."

"Hutakaa nyuma yangu," nilisema.

Nilikwenda moja kwa moja kwa yule mwanamke wa koti la mvua, nikamwomba anihamishie kundi lingine. Alinitazama, akamtazama Geraint, akaandika bila kuuliza. Kundi langu lilikuwa la saa nne na robo. Nilifunga mkanda, ukanibana pale pale begani, nikasubiri bendera ya kijani. Nilikuwa bado nina hasira, na nilipotoka kwenye lango niliondoka nayo.