Dombra ya Baba Mkwe

Mdomo ndio uliomponza Zhumakeldi. Siku wakwe walipofika kwake mjini Taraz kumvisha bintiye Aiganym hereni za uchumba, alikuwa ameshamaliza sahani mbili za nyama ya farasi na kusifiwa mara tatu, basi akavimba kichwa. Orazbek, baba wa bwana harusi, akaiona dombra ukutani, akauliza nani huipiga.

“Nani mwingine?” akajibu fundi huyu wa kuchomelea mageti. “Mimi!”

Ile dombra ya nyuzi mbili ilikuwa ya marehemu baba yake. Yeye aliigusa mara moja kwa mwaka, kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

“Safi sana, kuda,” Orazbek akasema, maana ndivyo wazazi wa maharusi wanavyoitana. “Harusi ikipita mtakuja kwetu, nawe utatupigia.”

Na kwao mgeni akiombwa muziki hana pa kukimbilia.

“Umetumaliza,” mkewe Zeynesh akamwambia wageni walipotoka. “Wewe utaaibika mchana mmoja, urudi kwenye mageti yako. Aiganym atamimina chai nyumba ile maisha yake yote, na kila kikombe ataitwa binti wa mwongo.”

Zilibaki wiki tano kufikia ziara hiyo. Zhumakeldi akaanzia kwenye simu, kwa kijana wa meno meupe aliyeahidi kumfanya fundi wa dombra kwa siku saba. Siku ya kwanza alifundisha namna ya kumfuatilia yeye mtandaoni. Ya pili, namna ya kuwaambia jamaa nao wamfuatilie. Kufikia ya saba, Zhumakeldi alimjua kijana mpaka jina la paka wake. Dombra ilikuwa bado ukutani.

Ndipo akaja shemeji yake Yerzhan, msoma mita za maji.

“Shemeji, muziki ni hesabu tu,” akasema, akibandika vikaratasi vyenye namba shingo nzima ya dombra. Baada ya wiki mbili Zhumakeldi aliweza kupiga wimbo mfupi, mradi awe na miwani na asikohoe mtu. Ulisikika kama mita ya maji inayosomwa kwa sauti.

Jirani yao Bi Kulpash, aliyewafundisha watoto wa chekechea muziki miaka thelathini, akavumilia kelele upande wa pili wa ukuta mpaka akashindwa. Akaja na kandambili zake miguuni.

“Huko ukweni utapiga dombra ya nani?”

“Si hii yangu, mama.”

“Mgeni hupewa ya mwenyeji, wewe mzee mzima! Utaomba ruhusa ubandike vikaratasi mbele ya watu?”

Zhumakeldi hakuwa amelifikiria hilo. Yerzhan naye akakumbuka ana mita za kusoma.

Bi Kulpash akaupiga marufuku mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi shingoni. Wa kulia tu, alisema, uende kama farasi. Kwa wiki mbili Zhumakeldi akalipigapiga goti lake, akapiga mageti ya wateja, akapiga sufuria mpaka Zeynesh akaificha.

“Na wa kushoto lini, mama?” akauliza siku ya safari.

“Huo mwakani.”

Ukweni, chai ya kwanza haijapoa, Orazbek akamkabidhi dombra yake. Aiganym, sasa mke wa nyumba ile, birika mkononi, akamimina nje ya kikombe. Zhumakeldi akapiga nyuzi tupu. Mkono ukaenda mbio, miguu ya wazee ikatikisika, watu wakangoja wimbo uanze. Wakangoja. Farasi alikuwa mzuri, ila hakuwa akienda popote.

Akasimamisha mkono.

“Kuda, nilikudanganya. Huu wa kushoto haujui kitu, na wa kulia una wiki mbili tu. Nichekeni mimi. Binti yangu mwacheni.”

Kisha mke wa Orazbek akasema, “Sasa umeacha kwa nini? Endelea na huo wa kulia!”

Orazbek akasogea, akaishika shingo ya dombra kwa mkono wake wa kushoto. “Shika mwendo, usinikimbize.” Wakapiga hivyo, wanaume wawili wanene kama wanaomkamua farasi jike mmoja, na nyumba ikalipuka kwa kicheko na makofi.

Zhumakeldi akainuka kushukuru. Godoro la kukalia likainuka naye. Wanawake wa nyumba walikuwa wameshalishona kwenye koti lake, kama wanavyomfanyia kuda wanayempenda.

Akageuka amtafute mchokozi. Sindano ilikuwa mkononi mwa Aiganym, naye hata hakujisumbua kuificha.