Besi ya Kusikia kwa Nyayo

Saa nne asubuhi, siku ya harusi, Fundi Waya alipigiwa simu ya kumharibia siku. Aliyepiga ni DJ aliyekodiwa kwa sherehe ya saa tisa, mtu wa maneno mengi ambaye safari hii alikuwa nayo machache: amplifaya ya besi imeungua, imetoa moshi, basi. Spika ndogo zipo na zinaimba vizuri tu.

"Wageni hata hawatajua, mzee," DJ alimfariji.

Wageni wasijue, sawa. Na dada yake je?

Dada yake Fundi Waya aliugua homa kali akiwa na miaka kumi na mmoja, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake yote mawili. Kusema anasema, tena kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na maneno ya wenzake huyasoma midomoni. Muziki ndio uliompotea. Kwenye sherehe hucheza kwa kuibia: anatazama miguu ya aliye karibu naye kisha anafuata, nusu hatua nyuma ya watu wote, huku akitabasamu ili asionekane anahangaika. Sasa binti yake wa pekee alikuwa anaolewa, na mama na mwana walikuwa wamechagua wimbo mmoja wa kucheza wao wawili tu, ukumbi mzima ukiwatazama. Hapo hakuna wa kuibiwa hatua. Fundi Waya ndiye aliyemwambia asiwe na wasiwasi: angeweka masanduku mawili ya besi juu ya jukwaa la mbao, na wimbo ungempanda kutokea nyayoni. Aliapa kabisa. Tangu siku hiyo dada yake alikuwa hashikiki kwa furaha.

Fundi Waya alisimama katikati ya karakana yake akijikuna kichwa. Masanduku alikuwa nayo, ameyaunda mwenyewe, lakini sanduku la besi bila mashine ya kulisukuma ni kabati tu. Macho yake yakatua kwenye risiva ya stirio ya enzi za kaseti, ile ambayo mke wake aliigeuza kigoda cha beseni la nguo. Alilitoa beseni juu yake, akaifuta risiva vumbi, akachomeka umeme. Taa ya rangi ya chungwa ikawaka.

"Mke wangu!" aliita. "Kigoda chako kimefufuka!"

"Na beseni niliweke wapi?" mkewe alijibu kutoka uani.

Fundi hakuwa na muda wa beseni. Mwili ulikuwa umeshamsisimka. Risiva za zamani hazina tundu la besi, kila mtu anajua, na ndiyo maana watu huzitupa. Lakini ndani yake mna misuli: upande wa kushoto una nguvu zake, wa kulia una zake. Kushoto angelisha sanduku la kwanza, kulia sanduku la pili. Na ili sauti ya mwimbaji isije ikatokea kwenye besi kama mtu aliyefungiwa kabatini, kila waya angeupitisha kwenye koili nene ya shaba, inayozuia sauti nyembamba na kuruhusu nzito. Koili alikuwa nazo mbili, amezizungusha kwa mkono wake. Akapakia kila kitu kwenye mkokoteni, akaelekea ukumbini akipiga mluzi.

Saa sita dada yake akaingia ukumbini. Alikuwa ametoroka saluni, nywele upande mmoja zimesukwa na upande mwingine zimesimama.

"Kaka, nimeambiwa mashine imeungua," alisema, na wapamba maua wote wakageuka. "Niambie ukweli. Kama haiwezekani nimwambie mtoto tuufute ule wimbo. Sitaki achekwe kwa ajili yangu."

"Hufuti kitu. Kaa hapo uone."

Akauweka ule wimbo, akawasha upande wa kushoto peke yake. Mbao zikatetemeka, chombo cha maua kikatembea kidogo juu ya meza. Akazima, akawasha wa kulia. Vilevile, tena vizuri. Akasugua viganja, akawasha pande zote mbili.

Besi ikapotea. Kilichobaki ni kama mtu anayekohoa nyumba ya tatu. Fundi akaongeza sauti, hakuna. Akaongeza tena, risiva ikalia *tak* na kujizima yenyewe.

"Imezeeka," alisema DJ, akiwa ameegemea mlango. "Mzee, si umesema lilikuwa kigoda cha beseni? Lirudishe huko."

Fundi alikagua waya mara tatu. Mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, koili ziko sawa. Jasho likamtoka. Ilikuwa inakaribia saa saba. Akaona labda upande mmoja umechoka, akaanza kufungua waya ili masanduku yote mawili ayabebeshe upande mmoja, jambo ambalo siku nyingine asingelifanya kwa mashine kongwe namna ile. Ingeweza kuungua na hiyo pia.

Dada yake akamshika mkono. Alikuwa amevua viatu na kuketi kwenye mbao katikati ya masanduku, kila kiganja kikigusa koni ya spika moja, ile ngozi yake inayocheza.

"Usifungue. Washa tena. Polepole."

Fundi akawasha. Dada yake akafumba macho, akakunja uso.

"Hawa wanagombana," alisema, akifumbua macho kumtazama kaka yake.

"Nani?"

"Hawa wawili. Huyu akija kwangu, huyu anakimbia. Huyu akirudi, yule anakuja." Akainua viganja vyake akamwonyesha, kimoja mbele, kimoja nyuma, kimoja mbele, kimoja nyuma.

Fundi Waya akauiga mwendo huo kwa viganja vyake, akaelewa. Sanduku moja lilikuwa linasukuma hewa na lenzake linaivuta hewa hiyohiyo, mwisho wa yote hakuna kinachobaki. Nje waya zilikuwa sawa. Ila spika ya sanduku la kulia aliibadilisha yeye mwenyewe mwaka uliopita, huku akibishana kuhusu mpira na mteja, na humo ndani alichomea mwekundu mahali pa mweusi. Kisha akalijaribu sanduku likiwa peke yake, likanguruma, akalipitisha. Kosa hilohilo ndilo alilowagombezea mafundi wenzake miaka nenda miaka rudi.

"Ni mimi," alisema, akiugeuza uso wake vizuri ili dada yake asome. "Nimekosea mimi. Masikio yangu mawili mazima, na sikujua."

Akabadilisha nafasi za waya mbili za sanduku la kulia nyuma ya risiva, kazi ya nusu dakika. Akawasha.

Jukwaa zima likanyanyuka. Mpamba maua mmoja akaketi chini bila kupenda. Dada yake alisimama pekupeku katikati ya mbao, mkono kifuani, macho yamemtoka.

"Ni huu?" aliuliza. "Ndio wimbo wenyewe huu? Unapiga mara mbili, unapumzika, halafu mara moja?"

Fundi akatikisa kichwa kukubali.

"Mbona mzuri hivi," alisema dada yake, akarudi saluni mbio na viatu mkononi.

Saa tisa na nusu wimbo ulitangazwa. Bibi harusi akapanda jukwaani kwanza, pekupeku, kisha akampa mama yake mkono. Ndugu walijua kuwa hasikii, na wengine walishaanza kuangalia sakafu ili wasimwone akipotea. Nyuma ya pazia, Fundi Waya aliweka mkono juu ya risiva iliyokuwa ya moto kama pasi, akaongeza besi.

Mama akafumba macho na kuanza. Mara mbili, pumzika, mara moja. Hakutazama mguu wa mtu. Nyonga iligeuka pale wimbo ulipogeuka, na binti yake, aliyekuwa amejiandaa kumwongoza, akajikuta ndiye anayefuata. Watu wakapiga vigelegele, wakaanza kupiga makofi, na kwa furaha ile kila mmoja akapiga kivyake.

Mama akafumbua macho. Akaitazama mikono ya wageni mia mbili, akakunja uso, akasimama.

"Mnachelewa," aliwaambia, kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya barabara. "Nifuateni mimi."

Akainua mikono juu ya kichwa, akasubiri mdundo wa mbao umfikie, akapiga. Ukumbi mzima ukapiga naye.