Damu Safi ya Mama

Nyumbani kwetu upofu ulikuwa wa ukoo wa baba, basi. Mama alilisema hilo hata mbele ya wageni, baba akiwa palepale, macho yamemfifia, amenyamaza kana kwamba si yeye anayesemwa. Alipokufa, alisemwa msibani pia. Mama yangu akishika neno, haliachi.

Kisha yakaanza macho yangu. Nikiamka ni ukungu mtupu, sindano siioni. Hadi mchana ndipo kunapambazuka. Mimi fundi cherehani, nisipoona nitakula nini? Hospitali wakasema kioo cha jicho, ile ngozi angavu ya mbele, ndicho kinachoharibika, na huenda nikahitaji kupandikizwa cha marehemu. Mama, ambaye madaktari walishamkatia tamaa kwa maradhi yake ya ini, akanishika mkono. "Usilie, mwanangu. Nikifa, wakupe vioo vya macho yangu. Macho yangu mazima." Tangu siku hiyo nikawa napata usingizi.

Mtafiti wa maradhi ya macho ya kurithi, dada mmoja mpole, alituomba damu ya upande wenye ugonjwa. Tukamkokotea shangazi, baba mdogo na watoto wao kama washtakiwa. Wote wakatoka safi.

"Sasa nataka ya mama," akasema.

Mama akagoma. "Ya kwangu ya nini? Kwani mimi nimezaliwa na mama mkwe?" Nikamfokea. Akanyoosha mkono, uso ameugeuzia ukutani.

Majibu mtafiti aliyaleta mwenyewe, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mama. Jeni yenye kasoro niliirithi kwa mama. Akammulika mama macho kwa kitochi chake chenye lenzi: navyo vioo vyake vilishaanza madoa, ila kwake ugonjwa ulichelewa. Havifai kupewa mtu.

"Na baba?" nikauliza.

Kwa tulivyomweleza, alisema, huenda ilikuwa presha ya macho. Angeanza dawa ya matone mapema, pengine angeona hadi mwisho. Lakini nani angempeleka hospitali? Ya ukoo hayana dawa, ndivyo tulivyoambiwa, na aliyetuambia ni mama.

Nilitaka kumpigia kelele. Machozi yakanitangulia.

Mtafiti alipoaga, mama akanigeukia.

"Basi nizikeni na macho yangu," akasema. "Lakini huko niendako, baba yako nitamwambia nini?"

Hasira haikunitoka. Nilimpangusa midomo, nikamfunika shuka, nikarudi kwenye cherehani kutunga uzi kwa kupapasa.