Kofia ya Mfunga Mabehewa

"Basi kakisome tena hicho kibao, shemeji! Kakisome kwa sauti, mtaa wote usikie!"

"Nimekisoma na nimekipenda! Wewe kama kinakuchoma macho, yafumbe!"

Bi Mvuke alikuwa kibarazani kwake, ufagio kwapani, mkono mmoja kiunoni. Jina hilo alibandikwa na mtaa kwa vile hasira zake hupanda kabla hujamaliza kumsalimia. Ng'ambo ya ukuta mfupi alisimama jirani yake, mfunga mabehewa wa zamani, aliyeitwa Viwili kwa sababu mkono wake wa kulia ulibakiwa na vidole viwili tu. Watu walishajazana. Mmoja alikuja na kigoda chake kabisa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Ile reli nyembamba iliyokufa miaka mingi ilikuwa imefufuliwa kwa ajili ya watalii, na karakana ikawa makumbusho. Kichwa cha treni alichokiendesha marehemu mume wa Bi Mvuke kilipakwa rangi nyekundu ambayo hakikuwahi kuijua siku zake za kazi, na ubavuni kikapigiliwa kibao: dereva hodari, hakuwahi kumjeruhi mtu.

"Na huu nini?" Viwili aliuinua mkono. "Nilizaliwa nao hivi?"

"Uliuingiza mwenyewe, nani alikutuma?"

Watu wakaguna. Kisa hicho kila mmoja alikuwa nacho, na kila mmoja alikipika kwa viungo vyake.

Kufunga mabehewa ilikuwa kazi ya kupenyeza mwili katikati ya chuma na chuma. Ukipiga kelele husikiki, mvuke unakumeza. Ndiyo maana watu wa reli ile walikuwa na mtindo wao: mfungaji, kabla hajaingia, hutundika kofia yake kwenye ndoano ya taa ubavuni mwa behewa, dereva aione kutoka dirishani. Kofia ikiwa pale, treni haitikisiki, hata bosi apasuke koo. Akishatoka, anaichukua, ndipo mambo yanaendelea.

Siku ile mabosi walikuja kukagua. Dereva akataka kuwaonyesha anavyojua kurudisha kichwa nyuma taratibu mpaka vyuma vibusiane. Vikabusiana, na vidole vya rafiki yake vikiwa katikati. Alipoulizwa, dereva alisema hakuona kofia yoyote. Viwili alifukuzwa kazi kwa uzembe, bandeji bado mbichi mkononi.

Mtu mwingine aliyekuwa akitazama ndoano ile alikuwa mmoja tu. Bi Mvuke alikuwa amempelekea mumewe chakula. Kofia aliiona, imening'inia, ukingo umekolea grisi. Aliiona wazi kama anavyouona ufagio wake. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

"Shemeji," Viwili alisema, na safari hii aliishusha sauti. "Wazee wote wa reli wamealikwa Jumamosi kupanda ile treni. Mimi sijaalikwa, maana nilifukuzwa kwa uzembe. Mkuu wa makumbusho kaniambia lete shahidi, tulisafishe jina lako. Shahidi ni wewe. Sema ulichokiona, basi."

"Marehemu hayupo kujitetea."

"Na mimi nipo, nasikilizwa na nani?"

Bi Mvuke aliingia ndani akaubamiza mlango.

Tuseme ukweli: tangu makumbusho yafunguliwe, nyumba yake haijawahi kukaukiwa na watu. Baada ya mazishi alikuwa amebaki akibishana na redio. Sasa wageni wanataka kupiga naye picha, na wanawake waliokuwa wakimpita kama nguzo wanakuja na vigoda vyao, umbeya unapikwa hapo mpaka jioni. Na kwenye behewa la kwanza kuna kiti chenye kitambaa cheupe, cha mjane wa dereva hodari. Kibao kikibadilika, nani atabisha hodi?

Jumamosi ilifika. Mfungaji mmoja mstaafu alitundika kofia mpya ndoanoni, akawaonyesha watalii jinsi kazi ilivyofanywa, wakapiga picha. Viwili alisimama nje ya kamba, shati limepigwa pasi hadi mikunjo imesimama, mkewe ubavuni.

Mkuu wa makumbusho alimwinamia Bi Mvuke kwa adabu pale kitini. "Mama, mzee huyu anasema siku ya ajali kofia yake ilikuwa ndoanoni. Wewe ulikuwepo. Ni kweli?"

Watu wa mtaani walisogelea kamba wasikie. Bi Mvuke alikipapasa kitambaa cheupe.

"Alikuwa nayo kichwani," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu."

Mtalii mmoja akapiga makofi bila kujua anashangilia nini. Viwili alitia ule mkono mfukoni, akageuka akaondoka. Mkewe alibaki kidogo, akimtazama tu Bi Mvuke, kisha akamfuata mumewe.

Treni ilipopita nyuma ya nyumba zao, Bi Mvuke aliwapungia majirani mkono dirishani kama kawaida. Hakuna aliyepunga.

Jioni alikuta kibaraza chake cheupe kama kimelambwa. Vigoda vyote vimehamishwa. Jiko lake baridi, tumboni mna soda na biskuti za watalii. Ng'ambo ya ukuta, kwa Viwili, nyumba ilikuwa imejaa pomoni, vijiko vinagongana, watu wanaongea wote kwa mpigo. Alikaa kizingitini asijue aende wapi.

Mlango wa jirani ukafunguka. Ni Viwili mwenyewe. Bi Mvuke akasimama haraka, majibu yamemjaa mdomoni, makali yote.

"Shemeji, umekula?"

Bi Mvuke akaikaza kanga kiunoni.

"Sijakuuliza lingine. Nimekuuliza umekula."

"Mwache akale kibao chake!" mkewe alipayuka kutoka ndani, na wawili watatu wakacheka, kicheko kisicho na utamu.

Viwili hakugeuka. "Hebu sogeeni hapo, mpeni nafasi," aliwaambia. Kisha, bila kumtazama usoni: "Pita ndani, shemeji. Chakula kinapoa."