Mawese Horini

Huko kijijini Kizuka, nje ya mji wa Rumonge, mtu akisema chakula hakina nguvu, ana maana moja tu: mawese hayakutosha. Maharage yasiyo na mawese ni ya mgonjwa, na sombe ya majani ya muhogo isiyo na mawese hupikiwa mgeni asiyetakiwa kurudi. Basi Agneta alipopewa ng'ombe, na ng'ombe akazaa ndama jike, alimtunza ng'ombe huyo kama anavyotunzwa mama mzazi. Kila asubuhi alimwekea horini pumba za mchele na mashudu, yale makapi ya viini vya chikichi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Juu yake akamimina mawese mpaka chakula kikawa chekundu na kung'aa. Maziwa yalipopungua aliongeza mawese, na yalipozidi kupungua akaongeza tena. Alikuwa anamuua kwa mapenzi, maskini, wala hakujua.

Ng'ombe mwenyewe hakuwa wake moja kwa moja. Alikuwa wa kikundi cha wafugaji, na sheria ya kikundi ilijulikana na kila mtu: unapokea ng'ombe, unamlisha, na ndama jike wa kwanza akishaachishwa ziwa anakwenda kwa mwenzako anayefuata. Hapo ng'ombe anakuwa mali yako. Lakini akidhoofu mikononi mwako, anaondolewa pamoja na ndama wake, naye anayefuata anawachukua wote wawili.

Aliyefuata alikuwa Asma, mjane wa Kiislamu wa Rumonge mjini, mfuga mbuzi, aliyesubiri zamu yake muda mrefu kuliko wote.

Lameki, mwenyekiti wa kikundi, alipita Kizuka akaziona mbavu za ng'ombe zikihesabika. Hakumung'unya maneno. Alisema kamati itakuja Jumapili, na ikimkuta katika hali ile ile, Asma ataitwa na kamba yake. Aliyasema kwa upole, na upole huo ulimchoma Agneta kuliko matusi. Miaka yake ya ukimbizini Tanzania alikula chakula cha kupimiwa na kupanga foleni. Huyu ng'ombe ndiye kiumbe wa kwanza aliyemlisha kwa mkono wake, kwenye ardhi yake, na sasa kiumbe huyo alikuwa anamfia.

Kesho yake Asma akashuka kwenye basi dogo la Nyanza-Lac, akapiga hodi. Agneta alimkaribisha kwa mdomo tu. Moyoni alijua mama huyu amekuja kumpima ng'ombe shingo, aone kamba ya kununua ni ya unene gani.

Lakini Asma hakuangalia shingo, wala mbavu. Alikwenda moja kwa moja kwenye samadi. Aliinama, akaichukua kidogo, akaisugua kwa vidole, akainusa. Kisha akaweka sikio kwenye ubavu wa kushoto wa ng'ombe, akakaa hapo kimya kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mwisho alichota chakula horini akakionja. Ndiyo, alikionja, akatema, akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

“Mama Kezia,” alisema, akimwita Agneta kwa jina la mtoto wake, “huyu ng'ombe, mawese ndiyo inamumaliza.”

Agneta alidhani anadhihakiwa. Tangu lini mawese yakamdhuru mtu? Asma hakucheka. Alisema hata yeye aliwahi kuwapa mbuzi wake, mpaka veterineri, daktari wa mifugo wa komini, alipowaweka chini wanawake wafugaji akawafundisha.

“Mu tumbo yake iko wadudu wadogo, hawaonekane na macho,” alisema. “Ndiyo wenye kupika majani. Unawamwangia mafuta, wanakufa. Majani inabaki mbichi, na yeye anabaki na njaa na tumbo imejaa.”

Basi wakaanza kazi. Walimwaga kila kilichokuwa horini, wakalisugua hori kwa majivu. Asma aliagiza nyasi kavu ndefu, za kumfanya ng'ombe atafune mpaka taya zichoke, na maji safi, na jiwe la chumvi. Pumba alizipunguza zikabaki konzi chache. Mashudu aliyachagua mwenyewe: aliyafinya, akafungua kiganja, na kiganja kiking'aa aliyatupa, kwa sababu mafuta hayakukamuliwa vizuri. Majani ya muhogo aliyaanika juani yanyauke kwanza, akaeleza kwamba mabichi yana sumu. Hakuwa na mizani. Mikono yake ilipima, na Agneta hakuwahi kuona mikono inayojua kitu kiasi kile. Alijikuta anaitazama kuliko anavyomtazama ng'ombe.

Asma alirudi kila siku, kwa nauli yake. Mwanzoni ng'ombe alizigusa nyasi akaziacha, na roho ya Agneta ikawa juu juu. Halafu mchana mmoja ng'ombe akalala chini, akameza mate, shingo ikatikisika, akaanza kucheua. Asma alikaa pale pale mavumbini, akasema Alhamdulillahi. Agneta akalia bila kujificha.

Alipotulia alimuuliza lile lililomkaa rohoni. “Da Asma, ungekaa kimya tu, Jumapili wangekuwa wako wote wawili.”

“Nilifikiri ile,” Asma alijibu. “Sikudanganye, njia yote nilifikiri ile tu. Kufika hapa, ng'ombe akaniangalia na njaa yake. Yeye hajue iko ng'ombe wa nani.”

Jumapili kamati ikaja. Mbavu zilikuwa bado zinaonekana, lakini ng'ombe alicheua kwa raha zake na ndama aliruka huku na huko. Lameki akauliza ugonjwa ulikuwa gani. Agneta angeweza kusema homa, ikaisha hapo, heshima yake ikabaki. Alipiga moyo konde.

“Haukuwa ugonjwa. Nilikuwa namlisha mawese. Aliyemponya ni huyu da Asma, ambaye mlitaka kumpa ng'ombe.”

Lameki akakohoa, akamuuliza Asma kwa sauti ya chini kama kijiko kimoja cha mawese nacho ni kingi, maana nyumbani kwake pia kuna ng'ombe. Kamati ikaamua ng'ombe abaki Kizuka. Asma, mikono mitupu, akaenda barabarani kungoja gari.

Asubuhi Agneta alimfuata mjini na kidumu cha maziwa. Asma aliyamimina katika chai ya wajukuu, wakanywa mpaka wakalamba vikombe. Kisha akakiosha kidumu, akamrudishia.

“Leo tumekunywa, murakoze, asante. Kesho usilete. Titi moja unayoachia mutoto wa ng'ombe haitoshe, uongeze ingine. Ule mutoto, akiacha ziwa, iko wangu.”

Kesho yake Agneta alikamua matiti mawili, mawili akamwachia ndama, akasimama kumtazama akinyonya.